Robert Recorde, Mwalimu Aliyebuni Alama ya Sawasawa

Miongoni mwa alama zote anazokutana nazo mtoto katika mwaka wake wa kwanza wa shule, hakuna inayoonekana nyepesi kuliko alama ya sawasawa. Ni mistari miwili mifupi iliyolazwa, mmoja juu ya mwenziwe. Mtoto huweza kuichora siku ile ile anapoiona, na mwalimu huipita upesi, akashika mambo mengine. Walakini alama hiyo ina mtu aliyeibuni, ina mwaka iliochapishwa kwa mara ya kwanza, na ina sababu iliyomfanya mwenyewe aitunge. Mtu huyo ni Robert Recorde, mganga na mwalimu wa hisabati aliyeishi katika karne ya 16.

Makala hii inakusudia kusimulia maisha ya Recorde, kisha kueleza jinsi alama yake ilivyofika mikononi mwa waandishi wa programu za kompyuta, ambako ilipewa kazi ya pili ambayo yeye hakuikusudia. Kazi hiyo ya pili imekuwa chanzo cha makosa ya ajabu, hasa katika michezo ya kompyuta. Mwalimu mwanafunzi atakayezifuata habari hizi hadi mwisho ataona kwamba kosa la mwandishi wa programu aliyekomaa na kosa la mtoto wa darasa la pili ni ndugu wa karibu sana.

Kuzaliwa na masomo yake

Recorde alizaliwa katika mji wa bandari wa Tenby, jimbo la Pembrokeshire, nchini Wales, yapata mwaka 1510. Baba yake aliitwa Thomas na mama yake Rose. Alipokuwa kijana alipelekwa kusoma Oxford, na mwaka 1531 alichaguliwa kuwa mmoja wa wanazuoni wa chuo cha All Souls. Baadaye alihamia Cambridge, na huko mwaka 1545 alipewa shahada ya udaktari wa tiba. Uganga ndio uliokuwa kazi aliyosomea, na mwaka 1547 alichapisha kitabu cha kuwaongoza waganga namna ya kupima maradhi kwa kuchunguza mkojo wa mgonjwa, kama ilivyokuwa desturi ya utabibu wa zama zile.

Lakini jina lake halikudumu kwa ajili ya uganga. Lilidumu kwa sababu ya jambo aliloliona upungufu mkubwa katika nchi yake. Elimu ya hesabu ilikuwa imefungiwa ndani ya Kilatini na Kigiriki. Mfanyabiashara wa nguo, seremala, mpima ardhi na nahodha walihitaji hesabu kila siku, wala hawakuwa na vitabu vya kutosha vya kuwafunza kwa lugha waliyoisema nyumbani. Recorde aliazimia kuiziba pengo hiyo kwa kuandika vitabu vya hisabati kwa Kiingereza, kimoja baada ya kingine, kuanzia kuhesabu hadi aljebra.

Mwalimu na mwanafunzi ndani ya kitabu

Kitabu chake cha kwanza cha hesabu kilitoka mwaka 1543. Kiliitwa The Ground of Artes, yaani msingi wa elimu na stadi. Kilifundisha kuhesabu kwa tarakimu na kalamu, pamoja na kuhesabu kwa vidonge juu ya meza, njia ambayo watu wengi walikuwa bado wakiitumia. Kitabu hicho kilipendwa mno, kikachapishwa tena na tena kwa zaidi ya miaka 100 baada ya mwandishi wake kufa.

Jambo linalotupasa kulizingatia sisi walimu ni umbo la kitabu chenyewe. Recorde hakuandika kama mtu anayetoa amri kutoka juu ya jukwaa. Aliandika mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi huuliza, hujaribu, hukosea, na wakati mwingine hukurupuka akidhani amekwisha kuelewa. Mwalimu hamkemei wala hamtajii jibu mara moja. Humwacha alifuate kosa lake hadi lijidhihirishe lenyewe, kisha humrudisha pole pole kwenye njia. Hivyo msomaji aliyekuwa peke yake nyumbani, pasipo mwalimu wa kumwongoza, aliyaona makosa yake mwenyewe kinywani mwa yule mwanafunzi wa kitabuni, akasahihishwa pamoja naye.

Mwaka 1551 Recorde alichapisha kitabu cha jometri, The Pathway to Knowledge. Humo aliwaletea wasomaji wa Kiingereza mafundisho ya Euclid, yule Mgiriki wa kale. Alitanguliza namna ya kuchora maumbo, kisha ndipo akaeleza kanuni zake, ili mkono uanze kutenda kabla ya akili kudaiwa maelezo marefu. Katika kitabu hicho ilimlazimu kutunga maneno, kwa kuwa lugha yake haikuwa na msamiati wa jometri. Pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa aliipa jina lenye maana ya tatu-sawa, na mstari unaogusa duara mahali pamoja tu akauita mstari wa kugusa. Mengi ya maneno hayo hayakushika, watu wakarudia yale ya Kilatini na Kigiriki. Lakini jitihada yake haikupotea, maana ilithibitisha kuwa hisabati yaweza kusemwa kwa lugha ya watu wa kawaida. Mwalimu wa Tanzania, ambako Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, hana haja ya kuelezwa sana kazi hiyo ilivyo. Maneno kama pembetatu, sambamba na mlinganyo yalipaswa kutafutwa, kupimwa na kuzoeshwa kabla hayajawa mepesi vinywani mwa watoto.

Kitabu cha elimu ya nyota, The Castle of Knowledge, kilifuata mwaka 1556. Ndani yake Recorde aliwahadharisha wasomaji wasilikubali neno kwa sababu tu limesemwa na mtu mwenye sifa, bali wazipime hoja zake. Alitaja pia fundisho la Copernicus kwamba dunia hulizunguka jua, fundisho lililokuwa na umri wa miaka 13 tu tangu kuchapishwa. Mwanafunzi wa kitabuni anapolicheka fundisho hilo na kuliita upuuzi, mwalimu wake humtuliza kwa kumwambia kuwa bado ni mchanga mno kuhukumu jambo kubwa namna ile. Kwa njia hiyo Recorde alilinda wazo jipya lisitupwe kabla halijachunguzwa.

Utumishi na uadui

Vitabu havikumpatia Recorde maisha ya utulivu. Mwaka 1549 aliwekwa kuwa msimamizi wa hesabu katika kiwanda cha kupiga sarafu mjini Bristol. Mwaka huo huo palitokea maasi katika nchi, na William Herbert, mkuu wa jeshi lililopelekwa kuyazima, alidai fedha za kiwanda zitumike kwa askari wake. Recorde alikataa kuzitoa pasipo idhini ya mfalme. Herbert alimshitaki kuwa haini, na Recorde akazuiliwa kwa muda wa siku 60. Toka hapo uadui kati ya watu hao wawili haukuisha.

Mwaka 1551 Recorde alipelekwa Ireland kuwa msimamizi mkuu wa migodi na sarafu, akashughulikia machimbo ya fedha ya Wexford yaliyofanyiwa kazi na wachimbaji kutoka Ujerumani. Mradi huo haukuleta faida iliyotarajiwa, na mwaka 1553 Recorde aliitwa arudi. Mwaka 1551 huo huo Herbert alikuwa amepandishwa cheo kuwa kabaila wa Pembroke, akawa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa kabisa katika ufalme. Mwaka 1556 Recorde alijaribu kumshitaki Herbert kwa kutumia vibaya madaraka yake. Herbert naye alimgeuzia kesi, akamshitaki kwa kumkashifu. Mahakama ilimpa ushindi kabaila, na Recorde akaamriwa kumlipa fidia ya pauni 1,000. Mali kiasi hicho ilikuwa utajiri mkubwa kwa siku zile, nayo haikulipwa.

Kuzaliwa kwa alama

Katikati ya masaibu hayo, mwaka 1557, kilitoka kitabu chake cha mwisho, The Whetstone of Witte, maana yake kinoo cha akili. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha aljebra kwa lugha ya Kiingereza. Ndani yake Recorde aliwazoesha wasomaji wake kutumia alama za + na −, zilizokwisha kuonekana katika kitabu cha Johannes Widmann kilichochapishwa Leipzig mwaka 1489. Kisha akaongeza ya kwake.

Hadi wakati huo waandishi wa hisabati walikuwa wakiandika kwa maneno kwamba kiasi hiki ni sawasawa na kiasi kile, au walilikata neno la Kilatini lenye maana hiyo na kubakiza herufi mbili za mwanzo. Recorde aliona kuwa kulirudia neno lile lile katika kila mstari kunachosha. Akaamua kuchora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, akiifananisha na mapacha, kwa hoja kwamba havipatikani vitu viwili vilivyo sawasawa kuliko hivyo. Mistari yake ilikuwa mirefu sana kupita hii tuichorayo leo.

Yafaa tukomee hapa kidogo, kwa kuwa hoja hiyo ndiyo kiini cha makala hii. Recorde hakuichagua alama yake ovyo. Aliiumba ifanane na maana yake. Mstari wa juu haumtangulii wa chini, wala wa chini haumfuati wa juu kama jibu lifuatavyo swali. Hakuna aliye mkubwa wala mdogo. Alama haisemi kwamba jambo litendwe, wala haisemi kwamba jibu linakuja. Inatoa habari tu: kilicho upande huu na kilicho upande ule vina thamani moja.

Kitabu hicho kinakoma kwa namna isiyosahaulika. Mazungumzo yakiwa bado yanaendelea, mlango unabishwa kwa haraka. Ni mjumbe amekuja. Mwalimu anaelewa kuwa hana budi kuacha masomo na kufundisha, akaikabili hatari inayomwandama. Mwanafunzi anabaki na huzuni, na somo halimaliziki. Waliojua habari za kesi ya kabaila hawakushindwa kuelewa. Recorde alitiwa katika gereza la King's Bench, Southwark, ng'ambo ya mto Thames kutoka mji wa London, na humo akafariki mwaka 1558, kiasi cha mwaka mmoja baada ya kuchapishwa kwa alama yake.

Safari ya alama baada ya kifo chake

Alama hiyo haikupokewa mara moja. Kwa miaka 60 hivi haikuonekana tena katika kitabu kilichochapishwa, hadi mwaka 1618 ilipotokea katika nyongeza ya kitabu cha hesabu huko Uingereza. Mwaka 1631 ilitumiwa katika vitabu vya Thomas Harriot, William Oughtred na Richard Norwood, na toka hapo ikashika katika nchi hiyo. Barani Ulaya wengine walipendelea mistari miwili iliyosimama wima. Descartes, katika kitabu chake cha jometri cha mwaka 1637, alitumia alama yake mwenyewe. Hatimaye mistari ya Recorde ilishinda, ikaenea dunia nzima. Kwa muda wa karne tatu na zaidi ilifanya kazi ile moja iliyotumwa na aliyeibuni.

Kazi ya pili

Mwaka 1957, yaani miaka 400 kamili baada ya kitabu cha Recorde, kikundi kilichoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM kilitoa lugha ya kuandikia programu za kompyuta iitwayo Fortran. Katika lugha hiyo alama ya Recorde ilipewa kazi mpya. Ili kuielewa, tuchukulie kwamba ndani ya kompyuta mna visanduku, kila kimoja kikiwa na jina na namba ndani yake. Katika mchezo wa kompyuta, kisanduku kimoja chaweza kuitwa pointi. Mchezaji akifunga goli, mwandishi wa programu huandika hivi:

pointi = pointi + 1

Kwa hisabati ya Recorde sentensi hiyo ni uongo mtupu, maana hakuna namba iliyo sawasawa na yenyewe ikiongezwa 1. Lakini kwa kompyuta si habari bali ni amri: chukua namba iliyomo ndani ya kisanduku cha pointi, ongeza 1, kisha rudisha jumla ndani ya kisanduku kile kile. Pande mbili za alama si mapacha tena. Kulia hufanywa hesabu, kushoto huwekwa matokeo.

Wataalamu wengine waliiona hatari. Walioiunda lugha ya Algol mwaka 1960 waliandika nukta pacha mbele ya alama (:=) kwa amri ya kuweka, wakaiachia alama tupu kazi yake ya zamani ya kulinganisha. Niklaus Wirth alifanya vivyo hivyo katika lugha ya Pascal mwaka 1970. Lugha ya Basic, iliyotolewa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth nchini Marekani kwa ajili ya wanafunzi, iliitumia alama moja kwa kazi zote mbili, ila amri ya kuweka ilitanguliwa na neno la kuagiza.

Njia iliyoenea kupita zote ni ile ya lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika lugha hiyo alama moja (=) ni amri ya kuweka, na alama mbili zikifuatana (==) ni swali la kulinganisha. Amri ya kuweka hutokea mara nyingi zaidi kuliko swali, kwa hiyo ndiyo iliyopewa alama fupi. Lugha nyingi zilizofuata, zikiwamo zinazotumika sana leo kuandikia michezo, ziliurithi mpango huo.

Mchezaji asiyekufa

Tazama sasa matokeo yake. Mtu anaandika mchezo ambao mchezaji hupewa uhai 3, na kila akigongwa na adui uhai mmoja hupunguzwa. Mwandishi anataka kusema: ikiwa uhai ni sawasawa na 0, mchezo uishe. Lakini kwa kuwa mkono wake umezoea alama ya shuleni, anaandika alama moja badala ya mbili:

ikiwa (uhai = 0), mchezo uishe

Katika lugha ya C, kompyuta haioni swali hapo. Inaona amri, nayo inaitii: inaweka 0 ndani ya kisanduku cha uhai. Kisha inaitazama thamani iliyowekwa, yaani 0, na kwa desturi ya lugha hiyo 0 huhesabiwa kuwa si kweli. Basi sharti halikutimia, na mchezo hauishi. Mchezaji amenyang'anywa uhai wake wote, na papo hapo amekuwa mtu asiyeweza kufa.

Kosa lile lile huweza kugeuka sura. Tuseme mlango wa ngome unapaswa kufunguka ikiwa mchezaji ana ufunguo 1, na mwandishi akaweka tena alama moja tu. Kompyuta inampa mchezaji ufunguo ambao hakuutafuta, na kwa kuwa 1 huhesabiwa kuwa kweli, mlango unafunguka. Kila mlango wenye sharti hilo utamfungukia kila apitaye. Mwandishi aweza kukesha akitafuta kasoro, na macho yake yakaipita mara kadha wa kadha, kwa sababu alichokiandika kinafanana kabisa na alichokikusudia.

Si michezo peke yake iliyomo hatarini. Mwaka 2003 mtu asiyejulikana aliingiza kwa siri mistari miwili katika nakala mojawapo ya Linux, programu kuu inayoendesha kompyuta nyingi sana duniani. Mistari hiyo ilionekana kama inauliza iwapo mtumiaji ni mwenye mamlaka yote, ambaye namba yake ni 0. Lakini alama iliyoandikwa ilikuwa moja, si mbili. Kama isingegunduliwa mapema, ingempa mamlaka yote mtu yeyote aliyejua namna ya kuiamsha. Siku hizi programu zinazotafsiri lugha ya C huweza kumwonya mwandishi anapoandika hivyo, lakini onyo humfaa yule tu anayelisoma na kulielewa.

Hata alama mbili nazo zina vituko vyake. Katika lugha ya JavaScript, iliyotungwa mwaka 1995, alama mbili hujaribu kulinganisha vitu vya aina tofauti kwa kuvigeuza kwanza. Matokeo yake namba 0 huhesabiwa kuwa sawasawa na maandishi matupu yasiyo na herufi hata moja. Namba 0 hiyo hiyo huhesabiwa kuwa sawasawa na maandishi yenye tarakimu 0. Lakini maandishi hayo mawili yakilinganishwa yenyewe kwa yenyewe, hayawi sawasawa. Mchezaji aliyeacha nafasi wazi huchukuliwa kuwa ameandika sifuri. Recorde angelishangaa, maana miongoni mwa kanuni za Euclid alizozifasiri mwaka 1551 imo ile isemayo kuwa vitu vilivyo sawa na kitu kimoja huwa sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Ili kuirudisha kanuni hiyo, mwaka 1999 kanuni rasmi za lugha hiyo ziliongezewa alama tatu zikifuatana (===).

Kituko kingine kinatokana na desimali. Mchezaji anasogea hatua ya 0.1 mara 10, na lango limewekwa mahali pa 1. Programu inauliza iwapo mahali alipo ni sawasawa na 1, nayo inajibu kwamba sivyo. Sababu ni kwamba kompyuta huhesabu kwa msingi wa mbili, na katika msingi huo 0.1 haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho tunapoiandika kwa desimali. Kompyuta hukata mkia wa namba hiyo, na makombo yaliyokatwa hujikusanya. Mchezaji hulipita lango bila lango kumtambua. Waandishi wenye uzoefu hawaulizi kama namba mbili za namna hiyo ni sawasawa, bali huuliza kama tofauti yake ni ndogo ya kutosha.

Mafunzo kwa mwalimu wa shule ya msingi

Huenda mwalimu mwanafunzi akasema kuwa mambo hayo ni ya wataalamu wa kompyuta, wala hayamhusu yeye atakayefundisha darasa la pili. Sivyo. Mtoto ambaye kila siku huona 3 + 4 = na nafasi wazi upande wa kulia, huanza kuamini kuwa alama ile ni amri: fanya hesabu, andika jibu. Ameipa alama ya Recorde kazi ya pili, kama alivyofanya mwandishi wa Fortran, ila yeye hajui kuwa ipo kazi ya kwanza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulionyesha jambo hilo waziwazi. Watoto walipewa swali hili:

8 + 4 = □ + 5

Wengi waliandika 12, kwa sababu 8 na 4 ni 12. Wengine walijumlisha namba zote wakaandika 17. Ni wachache tu walioandika 7. Mtoto wa namna hiyo atapata taabu atakapofikia milinganyo, maana mlinganyo hausomeki kwa mtu asiyejua kuwa pande zake mbili zina uzito mmoja.

Yafuatayo ni mambo ambayo mwalimu aweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, maana itangulie alama. Tengenezeni mizani kwa fimbo, kamba na makopo mawili, na vizibo vya soda viwe mawe yake. Watoto waweke vizibo 3 na 4 upande mmoja, kisha watafute idadi itakayousawazisha upande wa pili. Waseme kwa maneno yao walichokiona kabla ya kuonyeshwa alama.

Pili, alama isomwe kwa jina lake. Mwalimu aseme kuwa 3 na 4 ni sawasawa na 7, asiseme kuwa jibu ni 7.

Tatu, sentensi zibadilishwe sura. Watoto waone 7 = 3 + 4, na 5 + 2 = 4 + 3, na hata 6 = 6. Waulizwe ipi ni kweli na ipi si kweli, na watoe sababu.

Nne, mwalimu ajihadhari na mnyororo wa uongo ubaoni. Ni rahisi, katika haraka ya somo, kuandika 5 + 3 = 8 + 2 = 10. Jibu la mwisho ni sahihi, lakini maandishi yanadai kwamba 5 + 3 ni sawasawa na 10. Yaandikwe katika mistari miwili.

Tano, kosa lizungumzwe kama Recorde alivyolizungumza. Mtoto aliyeandika 12 asiambiwe tu kuwa amekosa. Aombwe kuweka vizibo 8 na 4 katika kopo moja, na vizibo 12 na 5 katika kopo la pili, kisha aiachilie fimbo. Fimbo italala upande mmoja, naye ataona mwenyewe.

Baadhi ya watoto hao watakuja kuandika programu za kompyuta, na huko watafundishwa kuwa katika lugha fulani alama moja ni amri na alama mbili ni swali. Aliyefundishwa maana ya kwanza ataipokea ya pili kama desturi ya mahali pengine, naye atajua wakati gani ashike ipi. Asiyefundishwa ataandika mchezo wenye mchezaji asiyekufa, asijue kwa nini. Robert Recorde aliitwa mlangoni kabla hajamaliza somo lake; sehemu iliyobaki iko mikononi mwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili, kila achukuapo chaki na kuchora mistari ile miwili.